Bima Iliyozaliwa na Peislipu

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF ilizimwa, SHA ikawashwa. Wiki za kwanza tunazikumbuka sote. Wagonjwa wa saratani na wa kusafishwa figo waliambiwa walipe pesa taslimu kwanza, makarani wakarudia kwamba mfumo uko chini, na hospitali za kibinafsi zikadai madeni ya mabilioni ambayo NHIF iliyaacha nyuma. Machi 2025 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, Nancy Gathungu, akaongeza yake: mfumo wa kompyuta wa shilingi bilioni 104.8 ulinunuliwa bila kufuata utaratibu, na serikali yenyewe haumiliki.

Basi lawama zote zikaenda kwa kompyuta. Inastahili nyingi, lakini ukifuata historia ya bima hii utakuta kasoro iliyo nzee kuliko kompyuta yoyote ya Wizara ya Afya. Ina karibu miaka 60, na jina lake ni peislipu, ile karatasi ya mshahara.

Turudi nyuma kidogo. 1965, miaka miwili baada ya uhuru, serikali ilifuta ada ya shilingi 5 iliyokuwa ikitozwa kwenye vituo vya afya vya umma. Kodi ndiyo ingelipia. Mwaka uliofuata Bunge likaunda NHIF. Kila aliyepata mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi alilazimika kuchanga shilingi 20. Elfu moja wakati huo ilikuwa pesa nzuri, kwa hiyo hii ilikuwa bima ya watu wachache wa ofisini. Ukusanyaji wake ulikuwa rahisi ajabu: mwajiri anakata kabla pesa hazijagusa mkono wako. Hupangi foleni, hukumbuki tarehe, hujiulizi kama mwezi huu utaweza.

1972 sheria ikarekebishwa ili waliojiajiri nao waingie kwa hiari. Huo ndio mlango wa pembeni ambao wengi wetu bado tunapitia. Ulifunguliwa, sawa, lakini nyumba ilibaki na ramani ileile: mchango wa kila mwezi, kana kwamba kila Mkenya ana tarehe 30 ya kulipwa.

Kisha uchumi ukabadilika, ramani ikabaki. Mwishoni mwa 1989 ada zikarudi hospitalini kwa jina la kuchangia gharama. Zikasimamishwa 1990, halafu zikarudishwa tena. Kufikia hapo aliye nje ya bima alikuwa analipia ugonjwa wake mfukoni. Wakati huohuo ajira za kuandikwa zilikuwa zinapungua na jua kali inapanuka. Leo, ukiacha mashamba madogo, zaidi ya asilimia 80 ya wanaofanya kazi Kenya wako kwenye sekta hiyo. Ni mama mboga, mtu wa boda, fundi, kinyozi, na sisi tunaoandika makala na kulipwa mhariri akikumbuka.

Kulikuwa na nafasi moja kubwa ya kubadilisha mambo. 2004, Charity Ngilu akiwa Waziri wa Afya, Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya kila mtu. Rais Kibaki akakataa kuutia sahihi. Gharama ndiyo iliyotajwa. Mswada ukafa, NHIF ikaendelea. 2015 mchango wa aliyejiajiri ukapanda kutoka shilingi 160 hadi 500 kwa mwezi. Januari 2020 NHIF ikatangaza kwamba mwanachama mpya wa hiari atalipa mwaka mzima mapema.

Kumbuka hilo la mwaka mzima, kwa sababu ndilo lililotufuata hadi SHA.

Rais Ruto alitia sahihi sheria mpya tarehe 19 Oktoba 2023. Zikazunguka mahakamani: Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema zinakiuka Katiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na siku chache baadaye SHA ikaanza. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Mwenye pesa nyingi analipa zaidi kuliko zamani, na hilo ni haki. Asiye na mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake, choo, maji na mifugo, halafu mashine inakisia anapata ngapi. Chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Ila hawezi kulipa 300. Anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 au zaidi.

Sasa fikiria. Meneja wa benki anaruhusiwa kulipa kidogo kidogo, mara 12 kwa mwaka. Muuza sukuma wiki, ambaye pesa zake huingia shilingi 20 kwa 20, ndiye anayedaiwa zote siku moja. Na waliposhindwa, 2025 serikali ikaleta Lipa SHA Pole Pole, yaani mkopo wa kukusaidia kulipa bima. Usajili umepita watu milioni 20, lakini wanaolipa kutoka jua kali ni sehemu ndogo tu. Mabango yanatuhimiza tujisajili, ilhali kujisajili bila kulipa hakukufikishi mbali ukilazwa.

Kuna wanaosema mtu wa jua kali ni mgumu kukusanya kutoka kwake. Historia ya kodi inawakana. Serikali humkata mama mboga kila anaponunua kredo, kila anapolipia ada ya kutuma M-Pesa, kila boda inapoweka petroli ya kumbebea mzigo kutoka sokoni. Inamkata senti kwa senti, bila fomu, bila kumwuliza choo chake ni cha aina gani. Inapotaka kuchukua, inajua vizuri kwenda na mwendo wake. Ikifika zamu ya matibabu, inamwomba peislipu ambayo hajawahi kuwa nayo.