Daraja la Kwanza Lilipopita Juu ya Homa Bay

Chukua ramani ya Ziwa Viktoria na rula, uunganishe Kisumu na Mwanza. Mstari wako utakata Ghuba ya Winam, utapita juu ya mji wa Homa Bay, utapita karibu na milima ya Gwassi, kisha utashuka karibu na Karungu na Muhuru, kule Migori inakopakana na Tanzania. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilifungua njia ya ndege kutoka London, na kipande chake cha mwisho kilikuwa hiki. Wakati huo kaunti za leo za Homa Bay na Migori zilikuwa sehemu ya wilaya moja, Kavirondo Kusini. Sidhani marubani waliifuata rula kikamilifu. Mtu anayeendesha ndege isiyo na magurudumu ana kila sababu ya kupenda maji chini yake.

Ndege za majini za enzi hizo zilikuwa za aina ya Short Calcutta: injini tatu, mabawa ya ghorofa, viti 15 na jiko dogo la kupashia chakula. Hata hivyo, barua ndizo zilizoipa njia hii sababu ya kuwepo. Januari 1932 safari ziliendelezwa hadi Cape Town, na kuanzia Kisumu zikaelekea Nairobi kwa ndege za nchi kavu. Mwanza ikaachwa, na pamoja nayo anga ya Homa Bay.

Kisumu ndiyo iliyobaki na bahati. Mwaka 1937 zikaja Short Empire, ndege ambazo mpenzi yeyote wa usafiri wa anga angeuza ng'ombe apande. Zilikuwa na injini nne na sitaha mbili, na zilichukua abiria wasiozidi 24. Palikuwa na chumba cha wavuta sigara na ukumbi ambamo abiria alisimama kando ya dirisha, mkono juu ya reli, akitazama nchi ikipita. Kutoka Port Bell zilitua Kisumu, zikaenda Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, hadi Durban.

Anasa ile, ukiichunguza, ilikuwa fidia. Safari ilichukua siku kadhaa, ndege ikitua mara kwa mara kutia mafuta, na usiku abiria wakilala nchi kavu. Mtu hawezi kukaa kwenye kiti chembamba siku zote hizo. Wenyeji wa ziwani, ambao kodi zao zilisaidia kuendesha serikali ya kikoloni, waliziona ndege hizo wakiwa kwenye mitumbwi.

Ndege za majini za BOAC, mrithi wa Imperial, zilistaafishwa Novemba 1950. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya kwanza ya jeti duniani kubeba abiria wa kulipa, de Havilland Comet, iliondoka London kwenda Johannesburg, ikatua Entebbe njiani. Ilikuwa na viti 36 tu. Ndege ileile iliyofungua safari hiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954. Chuma chake kilikuwa kimechoka kwa shinikizo la hewa. Kuwa wa kwanza kupanda ndege mpya ni raha yenye bei.

Mtu wa Homa Bay aliyebadilisha hesabu ya nani anapanda ndege ni Tom Mboya, mwana wa Rusinga. Septemba 1959 ndege aliyosaidia kuikodisha iliondoka Nairobi na wanafunzi 81 waliokuwa wakienda kusoma Marekani. Hakuna aliyeuliza daraja. Kwa maoni yangu ndiyo safari kubwa kuliko zote katika historia hii, kuliko Comet na sofa zote za Empire.

Shirika la East African Airways lilipata jeti zake za Comet 4 mwaka 1960 na Super VC10 mwaka 1966, zikiwa na daraja la kwanza, kabla ya kufa mwaka 1977. Mrithi wake, Kenya Airways, alipokea Boeing 787 ya kwanza mwaka 2014. Ina viti 30 vya daraja la biashara vinavyolazwa kuwa kitanda, na 204 vya kawaida. Daraja la kwanza halimo. Kilichoboreshwa kinawafikia wote 234: madirisha makubwa, na hewa ya ndani iliyowekwa kama ya mwinuko wa mita 1,800, juu kidogo ya Nairobi, badala ya 2,400 za ndege nyingi za zamani. Tangu Oktoba 2018 ndege hizo huruka moja kwa moja hadi New York.

Migori nayo ina uwanja mdogo, Lichota. Watalii kutoka Maasai Mara hushuka hapo, wakavuka mpaka wa Isebania kwa gari, wakapanda ndege nyingine Tarime kwenda Serengeti. Ndege ni Cessna Caravan, injini moja. Viti vyote ni sawa, na ukikaa mbele unaona saa na mishale yote ya rubani, kitu ambacho abiria wa Empire hakukinunua kwa tiketi yake.