Karamu ya Mwisho ya Leonardo katika Filamu: Picha Inasema Nini na Inasemeshwa Nini

Katika nyumba nyingi za waamini wa Afrika Mashariki, nakala ya Karamu ya Mwisho hutundikwa sebuleni, juu ya meza ya chakula au karibu na runinga. Picha hiyo hiyo hujitokeza pia ndani ya runinga, kwa kuwa waongozaji wa filamu wameiiga mara nyingi. Yafaa muumini ajue mchoraji alikusudia nini, ndipo aweze kupima kile ambacho filamu inaifanyia picha hiyo.

Mchoro wenyewe

Leonardo da Vinci aliichora kati ya miaka ya 1495 na 1498 hivi, kwenye ukuta wa chumba cha kulia cha watawa Wadominikani wa Santa Maria delle Grazie, mjini Milano, Italia. Ina upana wa karibu mita 9 na kimo cha mita 4.6. Leonardo hakupaka rangi kwenye lipu mbichi kama ilivyokuwa desturi, bali kwenye ukuta mkavu. Kwa sababu hiyo rangi ilianza kubanduka mapema. Mwaka 1943 mabomu yalibomoa sehemu kubwa ya chumba hicho, lakini ukuta wenye mchoro ukabaki umesimama.

Tukio linalooneshwa ni lile la Injili ya Yohane 13:21-26: Yesu ametangaza kwamba mmoja wao atamsaliti. Mitume wanashtuka katika makundi manne ya watu watatu watatu. Yuda ameshika mfuko wa fedha. Petro ameshika kisu, ishara ya yale yatakayotokea bustanini. Kristo peke yake ametulia, mikono yake ikielekea mkate na divai.

Picha inapogeuzwa

Katika filamu *Viridiana* ya Luis Buñuel (1961), ombaomba waliohifadhiwa na mwanamke mcha Mungu wanaivamia nyumba yake, wanalewa, kisha wanajipanga mezani kama Mitume, kipofu akiwa mahali pa Kristo. Filamu hiyo ilishinda tuzo kuu ya Cannes. Lakini gazeti la Vatikano, *L'Osservatore Romano*, liliilaani, na Hispania ikaipiga marufuku. Miaka tisa baadaye, *M\*A\*S\*H* ya Robert Altman iliitumia picha hiyo kwa mzaha, katika karamu ya kumuaga daktari wa meno wa jeshi anayetaka kujiua.

Dhihaka ya namna hiyo humuumiza muumini, naye ana haki ya kusema hivyo. Hata hivyo, kejeli hujitangaza yenyewe. Hatari kubwa zaidi ni uongo unaovaa joho la elimu.

Je, ni Maria Magdalena?

Katika *The Da Vinci Code* (2006), iliyoongozwa na Ron Howard kutokana na riwaya ya Dan Brown, mhusika mmoja msomi anadai kwamba kijana asiye na ndevu aliye kuume kwa Yesu ni Maria Magdalena. Vijana wetu wengi wamelisikia dai hilo, na baadhi yao wamelichukua kuwa historia.

Jibu lake ni jepesi. Mezani wapo watu 13: Yesu na Mitume 12. Kama yule ni Magdalena, Yohane yuko wapi? Tena, wachoraji wa Italia walizoea kumchora Yohane akiwa kijana asiye na ndevu, kwa kuwa alihesabiwa kuwa mdogo kuliko wenzake. Ndivyo walivyomchora Andrea del Castagno na Domenico Ghirlandaio mjini Firenze, kabla ya Leonardo.

Wala Kanisa halimfichi Magdalena. Mapokeo yanamwita Mtume wa Mitume, kwa kuwa ndiye aliyewapelekea habari ya Ufufuko; na mwaka 2016 Papa Fransisko aliipandisha kumbukumbu yake ya tarehe 22 Julai kuwa sikukuu.

Picha inapoheshimiwa

Sinema inaweza pia kutufundisha kutazama. *The Sacrifice* ya Andrei Tarkovsky (1986) inaanza na mchoro mwingine wa Leonardo, Mamajusi wakimsujudia Mtoto Yesu. Kamera inatulia kwenye mkono unaotoa zawadi, kisha inapanda polepole kuufuata mti hadi juu. Mtazamaji anajikuta akitafakari kabla hajasikia neno lolote la mhusika.

Filamu hiyo imo katika orodha ya filamu 45 iliyotolewa na Vatikano mwaka 1995, sinema ilipotimiza miaka 100. Katika orodha hiyo imo pia *Nazarín*, kazi ya Buñuel yule yule wa *Viridiana*. Kanisa hupima kazi, halimtupi mtu.

Kwa familia

Hati *Inter Mirifica* ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1963) inawakumbusha wazazi wajibu wao juu ya kile kinachotazamwa nyumbani. Wajibu huo hautimizwi kwa kuzima runinga tu. Mtoto akiuliza kuhusu alichokiona, fungueni pamoja Yohane 13, kisha itazameni picha iliyo ukutani mwenu: mtafuteni Yuda, Petro na kisu chake, na Yohane. Mtoto aliyekwisha kuijua picha kwa njia ya Injili hatapotoshwa kwa urahisi na filamu.