Wazee wa Buhaya na Tanuri Lililosahauliwa

Tunapofundisha msamiati wa kazi za mikono, wanafunzi wetu hulijua jibu moja tu la kitenzi fua: nguo. Kwamba mhunzi naye hufua, na kwamba anapofulia chuma panaitwa fuawe, ni habari mpya kwao. Hata wale watokao Rwanda, ambao nyumbani husema gucura na kumwita mhunzi umucuzi, hushangaa wakiambiwa kuwa kitenzi chao na hiki cha Kiswahili ni ndugu. Nyundo haiwapi shida (Waganda husema ennyondo, Wanyarwanda inyundo), kwa kuwa chombo chenyewe bado kipo nyumbani.

Ndiyo maana huwasimulia kisa cha Buhaya, ng'ambo ya mpaka wetu wa kusini. Mnamo mwaka 1976 wazee wa huko, wakishirikiana na mwanaakiolojia Peter Schmidt, walijenga upya tanuri la kuyeyushia chuma. Kazi hiyo ilikuwa imeachwa kwa takriban nusu karne, kwani vyuma vya Ulaya viliingia kwa bei nafuu. Wazee waliijua kwa kumbukumbu za ujanani tu. Kwa hiyo walirudi kuwa wanagenzi uzeeni.

Walichimba shimo, wakalikandika, wakalijaza matete ya kinamasi yaliyochomwa. Juu yake wakainua dohani ya udongo wa kichuguu na mabonge ya mavi ya chuma ya zamani. Mabomba ya udongo yakaingizwa ndani ya tanuri ili kupitisha upepo wa mivukuto. Majaribio ya mwanzo yalishindwa. Mtu aliyeona jambo akiwa kijana hukumbuka umbo lake, lakini kiasi cha makaa na mwendo wa mivukuto hukaa mikononi, na mikono ilikuwa imesahau. Wakabadilisha hiki na kile, hata chuma kikapatikana.

Mwaka 1978 Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo katika jarida la Science. Walidai kwamba upepo ulipata joto ndani ya mabomba kabla ya kuufikia moto, na kwamba ufundi huo ulikuwapo Buhaya zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wanafunzi hulipenda dai hili, na wengine huliandika kwenye insha kama kwamba halina mpinzani. Sivyo. Wataalamu kadhaa wa madini walilipinga suala la upepo uliopashwa joto, na mjadala ulichukua miaka mingi. Ukale wa chuma magharibi ya Ziwa Viktoria hautegemei dai hilo hata kidogo. Tungependa waandike hivyo.

Baada ya kisa hiki huwapa zoezi: taja kila sehemu ya tanuri kwa lugha ya kwenu, kisha kwa Kiswahili. Upande wa kwanza mara nyingi hurudi mtupu, hadi wampigie simu babu. Upande wa pili hukwama kwenye yale mabonge. Tunapowaambia ni mavi ya chuma, darasa zima huangua kicheko, na haliamini mpaka kamusi ifunguliwe.