Ndugu wanne, furu moja: habari ya Martin Brothers

Wandugu wasomi, leo tuache kidogo mambo ya mbegu na mbolea, tuongee udongo wenyewe. Mu Uingereza ya wakati wa malkia Victoria kulikuwa ndugu wanne wa jamaa ya Martin: Robert Wallace, Charles, Walter na Edwin. Mu 1873 walianza ufinyanzi kule Fulham, London. Mu 1877 wakahamia Southall, ndani ya kiwanda cha sabuni kilichoachwa, kando ya mfereji.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Robert Wallace, mkubwa wao, alijifunza kwanza kuchonga mawe. Ni yeye alitengeneza ile mitungi ya ndege wenye sura kama ya mtu, kichwa ndicho kifuniko. Walter alizungusha gurudumu, akachanganya udongo, akachunga moto. Edwin alichora samaki na maua. Charles alishika duka mu Holborn.

Nguvu ya kazi yao ilikuwa chumvi. Furu ikipita digrii 1200 hivi, unatupa chumvi ndani. Inageuka mvuke, sodiamu yake inashikana na silika ya udongo, na chungu kinavaa ngozi ya kioo. Sisi wa agronomia silika tunaijua, ni ile ile iko mu mchanga wa shamba. Lakini moto ukikosea tu, kazi ya miezi inapotea siku moja.

Sasa, juu ya nini kiwanda kilikufa? Si juu ya kukosa ufundi. Charles alivipenda vyombo mpaka vile vizuri zaidi alikuwa anavificha, wanunuzi wasivione. Mu 1903 moto ukachoma duka. Charles akavunjika moyo na akili, akafa 1910. Walter akamfuata 1912, na ujuzi wa udongo na moto ulikuwa mu kichwa chake. Edwin akafa 1915. Robert Wallace aliishi mpaka 1923, lakini bila Walter furu haikurudia nguvu yake.

Leo wale ndege wanauzwa bei kali kwenye minada, na wenye kuwatengeneza hawakula hiyo faida.

Wengi wetu tunafungua kazi pamoja na kaka na dada, juu ajira hakuna. Basi ulizeni mapema: kwenu Walter ni nani? Na ile anajua, iko imeandikwa mu daftari gani?