Miaka 150 ya Umoja wa Akina Mama

Mary Sumner alikuwa mke wa kasisi wa Old Alresford, kijiji cha kusini mwa Uingereza. Mwaka 1876 binti yake alijifungua, naye akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoingiwa na hofu alipompakata mtoto wake wa kwanza: amekabidhiwa roho ya mtu, na hakuna aliyemfundisha kulea. Akawaita akina mama wa parokia nyumbani kwake, wenye mali pamoja na wake wa vibarua. Ilipofika zamu yake kusema, ujasiri ulimwishia, akawaomba waje tena wiki inayofuata. Wakaja.

Ndivyo ulivyozaliwa Mothers' Union, ambao kwetu Waanglikana wengi wanauita Umoja wa Akina Mama. Kwa miaka 9 ulikuwa jambo la pale parokiani tu, hadi mwaka 1885, Askofu Wilberforce wa Newcastle alipomwomba Mary ahutubie wanawake katika kongamano la Kanisa mjini Portsmouth. Matawi yakaanza kuchipuka dayosisi baada ya dayosisi. Wake wa wamisionari na wa askari waliuvusha bahari.

Umoja ulimwambia mwanamke asiye na cheo kwamba kunyonyesha, kufua na kusali na watoto kabla ya kulala ni utumishi mbele za Mungu, sawa na wa kasisi altareni. Wengi hawakuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote, hata kanisani.

Lakini neno hilo halikuwafikia wote. Kwa kuilinda ndoa, Umoja uliwafungia nje wanawake waliotalikiwa, na mlango haukufunguliwa hadi miaka ya 1970. Ni karibu karne nzima, na wapo waliozeeka wakisubiri. Inauma, kwa sababu hao ndio waliohitaji zaidi kusikia kwamba thamani yao haikutoka kwa mume.

Leo wanachama ni zaidi ya milioni 4 katika nchi zaidi ya 80, na walio wengi wako nje ya Uingereza. Mwaka 2000 Umoja ulianzisha madarasa ya kusoma na kuandika nchini Burundi, Malawi na Sudan. Anayefundisha ni jirani aliyejitolea, wanafunzi wakikaa kwa vikundi na kujadili shida za kijiji chao wenyewe. Baadaye masomo ya fedha na kuweka akiba yakaongezwa. Wanaume nao huja kujifunza.