Parokia, neno la wageni

Parokia tumelizoea kama jina la eneo lenye mipaka na padri wake. Asili yake ya Kigiriki, paroikia, ni kukaa ugenini. Ndivyo linavyotumika katika Waraka wa Kwanza wa Petro, 1:17. Atapinga mtu: asili ya neno si maana yake, na Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 518, inaanza na eneo. Kweli. Lakini kanuni hiyohiyo hukusanya waamini wote wa eneo bila kuuliza kwao ni wapi, tena huruhusu parokia za lugha au taifa. Hapa Kasindi, mkabala na Mpondwe ya Uganda, mchuuzi aliyevuka mto Lubiriha akapakwa majivu ya Kwaresima tunamwita mgeni. Kwa mzizi wa neno (kamusi nazo zina utani wake), yeye ndiye mwanaparokia hasa.