Viuawadudu na nyuki katika kilimo cha pamba

Viuawadudu ni kemikali za kuua wadudu waharibifu wa mazao. Baadhi yake hudhuru pia nyuki, ambao huchavusha mimea na kutengeneza asali na nta. Katika mikoa ya Shinyanga na Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, suala hili linahusu hasa zao la pamba. Huko mizinga hutundikwa katika misitu ya miombo na katika ngitili, yaani malisho yanayotengwa kwa desturi ya Wasukuma.

== Sababu ya kupulizia ==
Pamba hushambuliwa na funza wa vitumba (''Helicoverpa armigera''), vidukari na chawajani. Bila dawa mkulima anaweza kupoteza sehemu kubwa ya mavuno. Hata hivyo funza hushambulia wakati uleule pamba inapochanua. Ua la pamba hufunguka asubuhi na kudumu siku moja, na ndipo nyuki hulitembelea.

== Aina za dawa ==
* '''Pairethroidi''', kama lambda-sihalothrini, huvuruga neva za mdudu anayeguswa.
* '''Oganofosfati''', kama profenofosi, huzuia kimeng'enya kinachohitajika na neva.
* '''Neonikotinoidi''', kama imidaklopridi, hufyonzwa na mmea na kufika katika nekta na chavua. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza dawa 3 za kundi hili kutumika katika mashamba ya wazi.

== Athari ==
Nyuki anayepuliziwa hufa shambani au mbele ya mzinga. Anayepata kiasi kidogo anaweza kupotea njia ya kurudi, au kupeleka sumu kwa majana. Nyuki watafutaji wakipungua, kundi hudhoofika na asali hupungua. Hasara humrudia mkulima mwenyewe: pamba hujichavusha kwa sehemu kubwa, lakini alizeti na maboga huhitaji sana wachavushaji.

== Kinga ==
* Kukagua shamba kwanza, na kupulizia pale tu wadudu wanapofikia kiwango cha kudhuru.
* Kupulizia jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani.
* Kuwaarifu wafugaji wa jirani mapema.
* Kutopulizia wakati wa upepo, wala kuosha bomba karibu na maji.
* Kung'oa na kuchoma masalia ya pamba baada ya mavuno, ili kupunguza wadudu wa msimu ujao.
* Kutumia dawa zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.